Zamu ya Maji ya Mama Anaeli

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya kiangazi, enzi za Mwingereza, nilipoziba mfereji wa watu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimerudi Meru kutoka sekondari, kiburi kimenijaa hadi utosini, na usharika wa kanisa letu ukanikabidhi mtambo mdogo wa umeme pale mtoni. Maji yalizungusha gurudumu, taa za zahanati zikawaka. Kiangazi kilipokaza, maji yalipungua na taa zikafifia. Nikapanda juu, nikauziba mfereji unaopeleka maji mashambani kwa vigogo vya migomba na udongo, ili mto wote uje kwangu.

Sikuuliza zamu ni ya nani. Nawe wajua, huku mlimani maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na zamu ya mtu haiguswi. Siku ile ilikuwa ya Mama Anaeli, mjane aliyeotesha miche ya kahawa, tegemeo lake lote. Jua likapiga, miche ikalala.

Watu wakashuka na majembe kuuvunja mtambo.

"Msomi, leo utasomea gizani!" mmoja akanidhihaki.

Nilikosa hata pa kujificha. Aliyesimama mbele yao kuwazuia ni Mama Anaeli mwenyewe.

"Acheni! Binti yangu ana mimba. Mnataka ajifungue kwa kupapasa?" Kisha akanigeukia. "Na wewe baba, mdomo uliuacha shuleni? Ungekuja ukaomba, ningekupa zamu yangu."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe ukiwa na ndoo kichwani."

Wakacheka wote, maana kwetu mwanamume hakubeba maji kichwani. Niliuzibua mfereji, kisha nikabeba, mwanangu, nikanywesha mche mmoja mmoja hadi shingo ikakakamaa. Mingi ilifufuka. Mingine ilikufa, na hiyo inaniuma mpaka leo. Wazee wa mfereji nao wakaketi, wakaupa mtambo zamu yake: usiku, wakati hakuna anayemwagilia. Binti yule akajifungua salama, taa inawaka.

Basi, ukiwaletea watu jambo jema, waombe njia kwanza. Kuuliza si ujinga. Jema lililopitishwa kwa nguvu huwa wizi, hata likiwa na nuru. Na ukikemewa na mtu aliyekulinda, mshukuru. Wengi hukemea tu. Mungu akujalie jirani kama Mama Anaeli, nawe akufanye jirani wa namna hiyo kwa wengine. Amina.