Dada Aliyeambiwa Hatakua

Dada yangu alikuwa na miaka minne mhudumu mmoja wa zahanati alipomwambia mama kwamba mtoto mwenye ugonjwa ule wa damu, ambao siku hizi tunauita selimundu, hafiki miaka kumi. Hakusema kwa ubaya. Mama anasimulia kwamba aliongea taratibu, akamshika bega. Lakini nyumbani kwetu Chonyonyo maneno yale yalipokelewa kama yametoka mbinguni. Baba, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisema Mungu ameshapanga. Yetu ni kumtunza mgeni mpaka aondoke.

Mgeni hakuandikishwa shule. Nilipoanza darasa la kwanza, dada alinisindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi kumenya ndizi.

Alipovuka miaka kumi hakuna aliyesema lolote. Maumivu ya viungo yalimlaza mara kwa mara, analia, anapona, anaamka kuanika kahawa. Akawa msichana mkubwa. Kijana mmoja wa Kyerwa, mchoma matofali, alituma wazee wake waje kuulizia. Baba aliwapa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakanywa, halafu akawaeleza kuwa binti huyo si wa kukaa. Wakaaga vizuri, wasirudi tena. Dada alikuwa jikoni, akasikia yote.

Baba ndiye aliyetangulia kufa. Dada ndiye aliyemuuguza.

Alikuwa amepita miaka thelathini nilipopata kazi Kayanga na kumpeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana, alimuuliza anatumia dawa gani.

“Situmii. Mimi ni mtu wa kufa.”

“Nani alikuambia? Kuna wenye ugonjwa huu wanaolea watoto wao.”

Tukiwa njiani kurudi, tulipofika Bugene, dada alimwomba dereva wa bodaboda asimame. Akakaa kwenye majani kando ya barabara, akalia kwa muda mrefu. Nilikaa naye.

Jioni ile alimuuliza mama, “Kwa nini hamkuniuliza mimi?”

“Ungejibu nini, mwanangu? Ulikuwa mdogo.”

“Baadaye je? Wale wazee walipokuja?”

Mama aliangalia mikono yake. “Niliogopa kukupangia kitu, halafu ufe.”

“Basi nimeishi bila kupangiwa kitu.”

Wiki kadhaa walizungumza mambo ya chumvi na kuni tu. Kisha mchana mmoja nikawakuta wamekaa mkekani na kitabu cha nyimbo, mama akimwonyesha herufi kwa kidole. Dada alikuwa akimeza vidonge kila siku, na kwa muda tulimwona akinenepa. Alisoma polepole, kwa sauti, akikasirika anapokosea.

Siku moja nilimuuliza kama amemsamehe mama.

“Sina maisha mengine ya kukumbuka,” alisema. “Haya ndiyo yangu. Nikiyakataa nitabaki na nini?”

Akaendelea kuchambua maharage.

Masika yaliyofuata alishikwa na homa. Tulimkimbiza hospitali, wakamwekea damu, ikawa kama amepata nafuu, kisha akatutoka.

Msibani shangazi alijaribu kumfariji mama. “Wifi, jipe moyo. Siku zake ziliandikwa. Si tuliambiwa tangu akiwa mdogo?”

“Hazikuandikwa,” mama alisema. “Aliyetuambia ni mtu wa zahanati, na mimi nikamwamini.”

Watu waliokuwa karibu wakainamisha vichwa.

Mimi bado sijui kama kuna mahali siku zetu zimepangwa. Ninachojua ni kwamba tuliacha miaka mingi ya mtu mmoja ipite huku tukiisubiri iishe. Mama sasa haniulizi tena kama alikosea. Nikienda kumwona Jumapili tunapalilia kaburi lake lililo kibanjani, shamba la nyumbani, karibu na migomba. Wakati mwingine anataja yule mchoma matofali, anajiuliza wangezaa watoto wangapi. Namwacha aongee. Akimaliza, tunanawa mikono, tunaingia ndani kula.