Wifi yangu anaionea aibu sombe yangu, sasa anamtaka na mtoto wangu

Admin, nifiche jina, na la mtoto nimelibadilisha. Wifi yangu naye anafuata ukurasa huu, anausoma kwa siri kama anavyokula sombe kwa siri. Akijitambua, shauri yake.

Nina miaka ishirini na minne, shule niliachia darasa la sita kwetu Uvira, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Naishi Berea, hapa Johannesburg, na mume wangu na binti yetu Neema wa miaka mitano. Tumepanga chumba kimoja kwenye fleti, jikoni tunapokezana na wapangaji wengine. Zamu yangu ni Jumamosi asubuhi, na hapo ndugu zangu mimi ni malkia. Naweka kinu juu ya blanketi lililokunjwa ili jirani wa chini asigonge dari na ufagio, Neema anashika mchi pamoja nami, tunatwanga majani ya muhogo, ndiyo sombe yenyewe. Mtoto huyu wiki nzima ni Kizulu na Kiingereza, nikimsemesha Kiswahili ananijibu "eish, mama". Lakini akishika mchi Kiswahili kinamtoka chenyewe. "Mama, bado ngumu! Tia nguvu, umeshachoka?" Mchana tunakaa chini watatu, sahani moja, ugali na vidole. Raha yangu ndiyo hiyo, sitafuti nyingine.

Sasa huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu, Neema humwita tantine. Ana nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, basi anadhani na mbingu itamfungukia hivyo hivyo. Akija kwetu anaziba pua kuanzia ngazini. "Mama Neema, mtoto atanuka majani shuleni. Hapa si Uvira." Mtu aliyekulia nyumba ya pili kutoka kwetu! Kisha akiaga ananinong'oneza, "Nifungie kidogo." Nikimfungia kidogo, anaikodolea macho sufuria mpaka niongeze.

Mwezi uliopita akanipigia simu, sauti tamu kama soda. Ana wageni wa kanisani, nikampikie sombe, "ile yako". Nikatwanga mpaka mabega yakawaka moto, nikaenda na mtoto. Wageni wakala, wakalamba vidole, mama mmoja akauliza nani kapika. Wifi akacheka kidogo. "Msichana wangu wa kazi. Nimemfundisha mwenyewe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la ugali. Nikanyamaza kwa heshima ya mume wangu. Neema hakunyamaza. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya Jumamosi, "Si wa kazi! Ni mama yangu. Na tantine hajui kutwanga, anajua kufungiwa tu!"

Yule mama aliyeuliza alikohoa mpaka akapewa maji. Mimi moyoni nilicheka na kulia kwa pamoja.

Tangu siku hiyo wifi anasema mtoto hana adabu, nimemharibu, shule zikifunguliwa ahamie kwake moja kwa moja. Jumamosi atakuwa anajifunza piano. "Nitamfanya awe mtu," anasema. Yeye mwenyewe bado hajawa! Na nyumbani kwake Kiswahili ni marufuku, labda cha kuombea sombe.

Shida ni mume wangu. Kazi ya ulinzi alitafutiwa na huyo dada, na kwao dada mkubwa akisema, mdogo anainamisha kichwa. Jana ananiambia, "Mama Neema, kule atakuwa na chumba chake." Nikamuuliza, "Na atatwanga na nani?" Akatazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mimi hapo ndipo nimeshika tumaini langu, maana mume wangu namjua, naye anaipenda ile sahani moja.

Jumamosi hii wifi anakuja kuchukua jibu. Mtoto simtoi, hilo sihitaji ushauri. Nimemnunulia mchi mdogo wa saizi yake, nimeuficha chini ya kitanda. Ninachotaka ni kumwambia wifi hapana bila mume wangu kukosana na dada yake, au na mimi. Mliokwisha kupambana na mawifi wa namna hii, nielekezeni, nianzeje?

Na wewe wifi, kama umefika hapa, bakuli lako la kufungia bado liko kwangu. Njoo na neno zuri, bakuli nitalijaza.