Kontroboksi ya Shabani

Mtakaocheka chekeni, lakini mie niliyekishika kile kitu kwa mikono hii siwezi kucheka. Na msiniambie mambo haya hutokea usiku tu. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, gerejini kwangu Temeke.

Mie ni fundi umeme wa magari. Gari la siku hizi lina kontroboksi, kompyuta inayoiamuru injini inywe mafuta kiasi gani na lini. Naichomeka kwenye laptop, naandika programu mpya, gari linapata nguvu. Kanuni ni moja: kabla hujaandika, soma programu ya mwanzo uihifadhi. Mambo yakiharibika, unairudisha.

Shabani wa Chanika alikuja Alhamisi. Alfajiri ya kesho yake yeye na ndugu zake walikuwa wanaondoka kwa msafara wa magari kwenda Lindi, harusi ya kaka yake, na gari lake ndilo lililokuwa likiachwa nyuma kila safari.

"Fundi, safari hii sitaki kuachwa. Wananichekaga mno."

Umeme ulikuwa umekatika, laptop inakaribia kuzima, na foleni ya wateja ilinitoa jasho. Sikuhifadhi. Nikaandika mpya juu ya ile ya zamani. Akaondoka anacheka, gari linanguruma.

Ijumaa, majirani wako msikitini, namwona anaingia kwa miguu. Niamini, ni Shabani yuleyule, kavaa shati la harusi, kashika kontroboksi mkononi.

"We, si umeenda Lindi?"

"Nakwenda, fundi. Ila gari halitaki kusimama. Nirudishie ile ya mwanzo."

Nikaipokea. Ilikuwa ya moto mpaka nikaishika kwa kitambaa. Nikaichomeka kwenye laptop pale mezani. Kitu kisichofungwa kwenye gari lolote kilisoma mwendo wa kilomita mia na arobaini kwa saa. Mia na arobaini na tano. Mia na hamsini. Nikawa nafungua faili hili, nafunga lile, natafuta kitu ambacho nilijua sikukiweka. Yeye ananitazama mikono.

"Shabani ndugu yangu, sinayo."

Simu ikaita. Alikuwa kaka yake, bwana harusi, analia. Shabani aliuacha msafara mbali, gari likapinduka asubuhi ile, akafia palepale. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Kontroboksi ilikuwepo mezani.

Mwaka umepita. Nimezunguka gereji za Ubungo hadi Msasani kuomba programu ya gari kama lake. Kila ninayoiandika inakataliwa. Kontroboksi haijapoa, na nikiichomeka bado inasoma mia na hamsini. Kaka yake aliniuliza mbona haikuonekana kwenye mabaki ya gari. Nikasema sijui. Naogopa, na naona aibu.

Wewe unayetaka gari liongezwe nguvu, simama na fundi wako umuulize: ya mwanzo umeihifadhi? Akikujibu "usijali," chukua ufunguo wako uondoke. Shabani aliniuliza. Nami nilimjibu hivyohivyo.