Kilio cha Mama Adèle, Mwenyewe Akiwapo

Mama Adèle wa Mutoshi hakuwa na ugonjwa, hata chafya. Tuelewane hapo kwanza, maana Jumamosi ile watu walimlilia mpaka sauti zikakauka, na mwenyewe yupo, anafagia.

Kisa ni vitu. Nyumba ilijaa makochi, masufuria, masanduku ya vitenge vya tangu marehemu mumewe yu hai. Na mama huyu alikuwa na hofu moja tu: binti zake, Mwadi na Huguette, wasije wakagombana kwenye kilio chake, kama yeye na mdogo wake Fidélie walivyovutana vitenge vya mama yao mbele ya watu mpaka kimoja kikapasuka. Tangu hapo hawasemezani. Fidélie anakaa Musonoi, mwendo wa pikipiki tu, lakini ni kama anakaa Ulaya.

"Nitagawa mwenyewe, macho yangu yakiona," akasema. Akawaita binti zake waje kuchagua, akatoa makochi yote nje, akatandika mikeka sebuleni apange vitenge.

Lo! Huku kwetu nani anatoa makochi nje? Mwenye msiba! Sebule huachwa tupu ili wanawake waketi chini walie. Jirani, Tata Badibanga, alipoona makochi kwenye lupango, uwanja wa nyumba ya mjane, hakuuliza, alivua kofia. Mkewe akapiga yowe. Punde watu wakaingia na unga, na makala ya kuwashia moto, na simu zikapigwa mpaka Musonoi.

"Nani amekufa?" akauliza Mama Adèle, ufagio mkononi.

Mke wa Badibanga, aliyekwisha kujitupa mkekani, akamtazama, akapiga yowe kubwa zaidi.

Hapo pikipiki ikafika. Fidélie akashuka bila viatu. "Yaya weee! Yaya wangu! Bitenge byote bya mama ningekuachilia!"

Akafika mlangoni, akamkuta huyo yaya, dada yake mkubwa, kashika ufagio.

"Lia polepole, Fidélie. Mi niko muzima."

Fidélie alifoka, akatukana makochi, akatukana ufagio, kisha akaketi akicheka na kulia, furaha imemzidi. Unga wa msiba ukasongwa bukari. Mwadi na Huguette walipofika wakamkuta mama yao na mama mdogo kwenye mkeka mmoja; vitenge wakagawana kwa adabu, hakuna aliyethubutu kuvuta.

"Sikia, Yaya," akasema Fidélie, "machozi yangu nimeyamaliza leo. Siku ukikufa kweli, mi sitakuya kwenye kilio chako."

Mama Adèle akamsogelea. Akamshika mkono.

"Ile siku usikuye," akasema. "Kuya kesho."