Nilivyozililia Glovu za Mtani Wangu

Kwa miaka saba, enzi za Mwingereza, nilijitolea kuwafunga mabondia bendeji mikononi katika klabu yetu ndogo ya Temeke. Mwenyewe sikupigana hata siku moja. Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Lakini mkono wa mtu ukiushika kila Jumamosi, unaujua kuliko uso wake.

Mkono nilioujua zaidi ulikuwa wa Mnyamwezi mmoja, kuli wa bandarini. Mimi Mzaramo, na makabila yetu ni watani, kwa hiyo tulitukanana tangu siku ya kwanza na tukapendana hivyo hivyo. Mwaka wa saba mkono wake ukaanza kutetemeka ninapoufunga. Nilidhani ni homa. Kisha mkewe akanisimamisha njiani, akaniambia shemeji, mwenzako ananiuliza mara tatu kama mtoto ameshakula, na juzi kaipita nyumba yake mwenyewe. Ngumi za kichwa zilikuwa zinammaliza, na Jumamosi alikuwa na pambano jingine.

Mwalimu wa klabu alimshauri apumzike, nusura ale kofi. Mkewe alipomsihi, alinuna siku mbili. Nikaona kazi ni yangu, maana mtani hakasirikiwi.

Alhamisi alasiri nilizichukua glovu zake klabuni, nikazilaza juu ya mkeka mlangoni kwake, nikazifunika shuka nyeupe, nikaangua kilio. Nililia kama tunavyolia watani msibani, kwa matusi. Nikasema marehemu hawa walikuwa walafi, wamemaliza ugali wa Temeke nzima. Tena walikuwa vipofu, siku moja walimpiga mwamuzi. Majirani wakajaa, wakacheka hadi wakaketi chini. Yeye akatoka, akacheka kuliko wote, akaniita mla nazi nisiye na kazi.

Maneno yalikuwa ya utani, lakini machozi yalikuwa ya kweli, na nadhani aliyaona, kwa sababu aliacha kucheka. Akaketi ng'ambo ya pili ya mkeka, akangoja mpaka majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kisha akaniinamia ili mkewe aliyekuwa ndani asisikie.

“Mtani, lile pambano la mwezi uliopita mie silikumbuki. Nani alishinda?”

Alikuwa ameanguka raundi ya pili. Mimi ndiye niliyemfungua bendeji, na alikuwa hajui yuko wapi.

“Ulishinda wewe,” nikamwambia.

Sijui kama aliniamini, na mpaka leo natamani kujua. Akaiweka sawa ile shuka kwa vidole vyake vilivyotetemeka.

“Basi tuzike,” akasema, akainuka kwenda kutafuta jembe.