Lipu ya Mwalimu Matar

Mwalimu Matar Usi alianza kufundisha ujenzi mjini Unguja mwaka 1965, katika chuo kidogo cha ufundi. Aliwakuta wanafunzi wakinakili michoro ya ubaoni mwaka mzima bila kushika mwiko. Akabadilisha yote. Asubuhi walichora, mchana walijenga, na kila darasa lilikabidhiwa nyumba kuukuu ya Mji Mkongwe liitengeneze. Somo la chokaa alilifuta.

"Saruji inakauka upesi," aliwaambia, "na ni ngumu kama jiwe."

Wanafunzi walimpenda. Waliomaliza walipata kazi haraka, wakafunza wengine, na haikupita miaka mingi vichochoro vikajaa kuta za kijivu alizozitazama kwa fahari.

Masika ya 1971 ukuta wa ghorofani wa nyumba moja ulianguka mtaani Malindi, ukamvunja mkono Bi Mashavu, mama kutoka Makunduchi aliyeishi humo na wajukuu zake. Matar alikwenda, akainama kwenye kifusi. Lipu ya saruji ilikuwa nzima, imebanduka kama ganda. Mawe na udongo wa nyuma yake vilikuwa chepechepe, vikimomonyoka mkononi. Maji yalipenya kutoka juu, saruji ikayafungia ndani. Chokaa ingeuacha ukuta ukauke.

Lipu ile aliipiga Abdulla, mwanafunzi wake wa mwanzo. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Nimefanya vile vile ulivyonifunza."

"Hukukosea," Matar alijibu.

Hospitalini alimwamkia Bi Mashavu.

"Shikamoo, bibi. Ukuta ule umeanguka kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha vijana lipu ile."

"Marahaba, mwanangu. Mvua ya Mungu hiyo."

"Si mvua, bibi."

Bi Mashavu aliuweka sawa mkono uliofungwa. "Basi nenda kaziangalie na nyumba za wenzangu."

Hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Matar alilirudisha somo la chokaa, akalifanya la kwanza. Kisha akawafuata wanafunzi wake wa zamani mmoja mmoja. Waliokuwa wakubwa kazini, wakijenga majumba mapya ya mtaa wa Ng'ambo, walimcheka.

"Leo unatwambia turudi nyuma, Mwalimu? Si wewe uliyetutoa huko?"

Abdulla na wachache walikubali. Ijumaa baada ya sala walipanda ngazi, wakabandua lipu walizozipiga wenyewe na kupaka chokaa. Lakini nyumba zilikuwa nyingi kuliko mikono yao. Mvua zilipokaribia tena, Matar alipita mlango kwa mlango akiwasihi watu wahame vyumba vya juu. Baadhi walihama. Wengine walimkaribisha chai, wakabaki palepale.