Kesho Avenue Yote Itakimbia!!

Hata leo, na shahada yangu, siwezi kuandika neno "kukimbia" bila kusimamisha kalamu. Nikimtumia rafiki ujumbe, naandika: "Naenda sokoni kwa miguu, haraka, bila sababu yoyote."

Ni kwa sababu ya gazeti letu. Ilikuwa wakati wa vita, pale mjini Baraka, kati ya milima na ziwa, na avenue yetu ilijaa watu waliorudi kutoka Ubwari na Mboko walikokuwa wamekimbilia, wasiosalimiana. Mimi na dada yangu tukaamua kuwajuanisha. Gazeti lilikuwa karatasi moja, tuliyoibandika kwa ugali wa muhogo kwenye mlango wa mashine ya kusaga.

"Ikileta kelele moja tu," papa, baba yetu, alionya, "nitaiwashia makaa ya mbabula."

Toleo la kwanza lilitangaza mashindano ya mbio. Kichwa: KESHO AVENUE YOTE ITAKIMBIA!! Nilihangaika siku nzima kama alama ya mshangao iwe moja au mbili. Maelezo tuliyaweka chini. Mbuzi wa jirani, aliyependa ugali, akayala maelezo yote. Kichwa kikabaki.

Asubuhi tulifika na kamba ya kumalizia mbio, tukakuta avenue nzima barabarani na magodoro, masufuria na bata. Papa, ambaye alisema hasomi mambo ya watoto, alikuwa amebeba redio yake ndani ya blanketi.

"We mutoto," jirani yetu mama wa mapacha akaniuliza, godoro kichwani, "hao benye bunduki banatokea wapi? Ku milima ao ku ziwa?"

"Hakuna batu, mama. Ni mbio tu. Ya kufurahi."

"Muntu anakimbia ya kufurahi? Baraka hii?"

Papa akaanza kupapasa mfuko wa kiberiti.

"Basi mi nilifunga vitu bure?" mama wa mapacha akafoka. "Hapana! Tukimbie!"

Akatimka. Wote wakamfuata, masufuria yakigongana, watu wakisukumana na kuchekana hadi kwenye kamba. Mama wa mapacha alishinda, godoro likiwa bado kichwani. Papa alifika nyuma ya bata.

Alipotoa kiberiti, mama wa mapacha alisimama mbele yake, akihema.

"Papa, ukichoma hii gazeti, nani ataandika kama mi nilikushinda?"

Wanawake wenzake wakapiga vigelegele. Papa akatazama kiberiti, akakirudisha mfukoni.

"Muandike," akasema. "Lakini bata musimutaje."

Bata tukamwandika juu kabisa, mbuzi asikofika.